Mijusi Walioamriwa Kula

Mwaka wa pili wa ile vita ya pili, baridi ilishuka kutoka milima ya Mulenge bila kuuliza njia, ikaingia Uvira mwezi wa saba kama jeshi jingine. Tena haikuwa hata na adabu ya majeshi, maana majeshi hupiga kwanza hewani ili watu wajue yamefika. Baridi hii ilimkuta kila mtu kitandani. Asubuhi ziwa lilitoa moshi kama sufuria inayongoja unga wa ugali. Samaki walikuja hadi pale wanawake wanapofulia, wakajibanza penye maji ya uvuguvugu yaliyomwagwa, na mwenye kubisha aende Rugenge akawaulize waliokuwa wakiwaokota kwa sahani. Jogoo mmoja wa kartiye hiyo, kama mtaa unavyoitwa Uvira, aliacha kuwika kabisa, akawa anapiga chafya tu, na watu wakaizoea, wakawa wanaamka kwa chafya yake.

Lakini habari hii si ya samaki wala ya jogoo. Ni habari ya Mama Agathe na hasira yake.

Hasira ilianzia kwa mumewe, Octave, fundi wa taa za kuvulia ndagala, wale dagaa wa ziwa. Mwezi wa tano alitoka nyumbani kwenda kutafuta kioo cha taa, na hao waliokuwa wameushika mji kwa bunduki wakamkamata njiani, wakamtwisha sanduku la risasi, wakampandisha milimani pamoja na wanaume wengine. Agathe alipowakimbilia kuuliza, aliambiwa, "Mama, rudi nyumbani, kesho atashuka." Mwezi wa saba ukafika, na kesho hiyo bado ilikuwa njiani. Agathe hakulia mbele za watu. Alikasirika. Aliamka na hasira, akaipikia chai, akalala nayo upande ule wa kitanda uliokuwa wa Octave.

Nyumbani Octave aliacha taa zisizo na vioo, vioo visivyo na taa, na mijusi wawili.

Walikuwa mijusi wa ukutani, hawa hawa wa rangi ya uji, wanaotembea darini kichwa chini kana kwamba dunia ndiyo iliyokosea. Walianguliwa ndani ya radio. Ilikuwa radio kubwa ya mbao, urithi wa baba yake Octave. Vita ya kwanza ilipopita, waporaji waliitoa matumbo yote wakaacha kasha, na ndani ya kasha mjusi fulani akataga. Octave alishona kipande cha chandarua mbele, pale sauti ilipokuwa ikitokea, akawapa watoto hao majina ya Kapita na Madamu, akawalea kwa nondo waliojichoma kwenye taa zake. Walinenepa kupita desturi ya mijusi. Kapita alipoketi, tumbo lake liliketi kando yake.

Kila jioni, wakishashiba, walikuwa wakilia: tk-tk-tk-tk. Na Octave, ambaye ulimi wake haukuwahi kumaliza wiki bila kuzaa uongo, aliwaambia majirani kwamba hiyo ndiyo taarifa ya habari. Mijusi wakila na wakilia, hakuna vita itakayoingia Rugenge. Watu walicheka. Kisha ikafika jioni moja mijusi hawakulia, na kabla ya mapambazuko mabomu yakaruka kutoka mlimani yakaangukia ziwani. Ukweli, ambao Octave alimwambia mkewe peke yake huku amejiziba mdomo kwa blanketi, ni kwamba siku ile alikuwa ameipaka radio vanishi, na mijusi walikuwa wamelewa. Lakini nani angesikiliza tena? Tangu hapo, jua likikaribia kuzama, majirani walipita kwa Agathe, huyu anaomba moto, yule anaomba chumvi, na masikio yao yote yako kwenye radio. Wakisikia tk-tk-tk, wanarudi kutandika mikeka.

Sasa, baridi ile ilipoingia, Kapita alimgeuzia panzi kisogo.

Agathe alimsogezea tena kwa kile kibano cha Octave. Kapita akasogea mbali hatua moja, kama mtu aliyeona mkono usionawa. Madamu hata kusogea hakusogea. Alijibanza kwenye kona utadhani amebandikwa kwa gundi.

"Unakatala?" Agathe akauliza. "Weye Kapita, unakatala panzi? Minye nimekula muhogo ya juzi, tena bila chumvi, na weye unakatala panzi ya leo, yenye ingali inaruka? Nani alikufundisha kuchagua mu wakati ya vita?"

Siku iliyofuata ikawa vilevile, na nyingine baada yake. Mikia yao iliyokuwa imejaa mafuta ikaanza kusinyaa, ngozi ikashika weusi wa majivu yaliyomwagiwa maji. Na jioni, kimya.

Wa kwanza kuja kuomba moto alikuwa Jean-Berchmans, kiongozi wa kwaya ya parokia, mtu mwenye sikio kali na moyo mwepesi, ambaye baiskeli yake ilikuwa imefungiwa godoro tangu mwaka uliotangulia ili asipoteze muda siku ya kukimbia. Agathe alimwona anaingia uani, akajitupa nyuma ya rido, pazia la chumbani, akaugonga ulimi kwenye kaakaa: tk-tk-tk-tk.

Jean-Berchmans akasimama. Akainamisha kichwa kama afanyavyo mbele ya kwaya.

"Mama Agathe."

"Ndiyo, kaka."

"Hii sauti ni ya alto. Kapita ni besi."

"Baridi imemushika mu koo."

"Mujusi na mafua?" Jean-Berchmans akaweka chini kigae alichokuja nacho cha kuchukulia moto. "Toka nyuma ya rido, dada. Unaimba vizuri, lakini toka."

Kesho yake jua halijapanda, kartiye nzima ilikuwa inajua.

Hapo ndipo ikazuka ile huruma iliyomuudhi Agathe kuliko dharau. Watu waliokuwa wakila mara moja kwa siku walipanga mstari mlangoni kwake na chakula cha mijusi. Mtu wa Uvira haamini kwamba Mungu ameumba kinywa kinachoweza kukataa ndagala, kwa hiyo wakaletwa ndagala wabichi, ndagala wakavu, ndagala waliokaangwa kwa mawese na nyanya. Ikaja hata sahani yenye limau pembeni. Kapita alipanda juu ya ndagala, akalala kama juu ya godoro.

Agathe akaangalia sahani ile, akaangalia watu.

"Siku walipomuchukua Octave," akasema, "nani kati yenu alikuja hapa hata na kichwa ya ndagala moja? Nilikaa ku hii kizingiti mpaka jua ikazama, mukapita mukisema pole mama, pole mama, na mikono mitupu. Leo mujusi imekosa hamu ya kula, mumejaa hapa na malimau!"

Mmoja mmoja walichukua sahani zao. Lakini jioni mijusi walinyamaza tena, na aibu haijawahi kumzuia mtu kukimbia. Kufikia Jumapili Rugenge ilikuwa ikifunga mizigo. Wengi walielekea uwanda wa Ruzizi, kule Lubarika, kwa wakwe na mashemeji, na Jean-Berchmans alikuwa mbele yao wote na godoro lake.

"Dada, twende!" alimwita kutoka barabarani. "Radio imesema!"

"Haijasema kitu!"

"Hiyo njo taarifa yenyewe!"

"Nenda weye. Minye siendi. Octave akishuka kule juu, atashuka na miguu imevimba. Mutu ya namna ile hatafuti muke yake mu Lubarika, anatafuta mulango yake. Atanikuta ku mulango."

Aliyebaki naye ni Bernardine, Mrundi wa uwandani aliyeolewa Rugenge, mpika kasiksi, pombe ya ndizi. Ndizi za kasiksi huivishwa chini ya ardhi. Unachimba shimo, unawasha moto ndani yake mpaka kuta zishike joto, unazoa majivu, unatandika majani ya mgomba na kupanga mikungu, kisha unafunika kwa majani na udongo, unaiacha ardhi ifanye kazi yake. Kwa Bernardine palikuwa na mawe, hivyo shimo lake lilikuwa uani kwa Agathe, nyuma ya jiko, na pombe waligawana.

"Wanakimbilia kwetu Lubarika," Bernardine akasema akicheka, "na minye wa Lubarika nimebakia kwao. Ndizi haijue kukimbia, Mama Agathe."

Jumatatu, Komanda wa wale walioushika mji akaja.

Alikuwa mtu mfupi mwenye kofia ndefu, na watu walisema kofia ndiyo iliyokuwa na cheo. Mkubwa wake alitarajiwa Jumapili kuukagua mji, na kartiye tupu ni aibu kwa mtawala. Mkubwa angetaka kujua watu wamemkimbia nani. Wambea wake walikuwa wamemwambia ukweli mtupu, kwamba wamekimbizwa na mijusi, na Komanda alikuja na uso wa mtu asiyejua amkasirikie nani.

Alisimama mbele ya radio, mikono nyuma.

"Ni hawa?"

"Ni hawa."

"Juu ya nini hawakule?"

"Uwaulize. Pengine weye watakuogopa."

Askari mmoja akacheka, akajifanya anakohoa.

"Mama, weye unaleta fujo mu mji," Komanda akasema. "Unanyima hawa mijusi chakula ili bantu waogope."

Hapo damu yote ya Agathe ikapanda ikamjaa kichwani, hata kitambaa alichojifunga kikaonekana kumbana.

"Minye ninawanyima? Minye? Wazee walisema mgeni aje mwenyeji apone. Ninyi mulikuja, wenyeji tukakonda! Mbuzi wangu mulikula bila kusikia karibu. Bata mulikula, na yai yenye alikuwa amelalia mukakula. Muhogo wangu mulikula ingali inaota, mukaninunia eti ni chungu. Muko na hamu ninyi, Komanda! Muko na hamu ya kutosha Kongo nzima! Wagawieni hawa kidogo, tuone kama hawatakula hata hiyo radio!"

Komanda alingoja mpaka pumzi zikamwishia Agathe. Kisha akasema polepole, kama mtu anayeandikisha:

"Jumamosi, saa tisa, mbele ya bantu wote, hawa mijusi watakula. Nitatuma neno Lubarika, waje waone na macho yao. Wakikula, kila mutu arudi mu nyumba yake. Wakikatala, nitawachoma na hiyo kisanduku yao, na hii nyumba itakuwa ya askari. Iko inaangalia barabara vizuri. Weye utatafuta pengine."

"Unaamuru mijusi kula?"

"Hapa kila kitu kinaamuriwa, mama."

Akaondoka, kofia kwanza.

Nyumba. Agathe alibaki ameishika nguzo ya mlango. Kama angeambiwa atoe kitanda, angekitoa. Kama ni taa, zichukuliwe, hazina vioo. Lakini mlango huu ndio peke yake ambao Octave angeweza kuupata hata akiwa amefumba macho.

Basi akaanza kuwabembeleza wale mijusi kwa namna ambayo hakuwahi kumbembeleza mtoto. Aliwaletea nondo, nzi, mende aliyekuwa bado na tamaa ya kuishi. Aliwaimbia. Aliwatukana. Bernardine akasema labda wanamlilia baba yao, kwa hiyo Agathe akavaa shati la Octave, akavaa na kofia yake ya majani, akainama mbele ya radio akasema kwa sauti nzito, "Eh, Kapita, kijana yangu, unasemaje?" Kapita alimwangalia kwa jicho lisilopepesa, la mtu aliyekwisha kumtambua mwongo na hana haja ya kumwaibisha. Bernardine alicheka mpaka akakaa chini. Agathe hakucheka. Alivua kofia, akaikung'uta, na Bernardine akaona kwamba shati hakulivua.

Jumatano ikaja habari kwamba Komanda anataka radio ikalale kwa askari mpaka Jumamosi, ili mama yule asije akafanya ujanja. Bernardine siku hiyo alikuwa uani, amekwisha kuwasha moto shimoni na kuuzima, amepanga mikungu yake, anataka kufunika.

"Usifunike," Agathe akasema. Alikuwa ameikumbatia radio.

"Weye! Mu ndizi?"

"Mashine za kushona ziko mu udongo. Sahani za harusi ziko mu udongo. Kila kitu kizuri cha hii Uvira kiko mu udongo, Bernardine, sisi wenyewe tu njo tungali inje. Uniwekee nafasi."

Ni kweli. Katika miaka ile hapakuwa na ua usiofukiwa kitu, hata kuku walikuwa wakiogopa kuparua wasije wakafukua sufuria ya mtu. Wakaiweka radio juu ya mikungu, wakaifunika kwa majani mabichi, wakachomeka bua la jani la papai ili hewa ipite, kisha udongo juu.

"Watakufa humo," Bernardine akanong'ona.

"Wakikufa, wakufe kifo yao wenyewe. Si kifo ya amri."

Askari walipokuja kesho yake, walimkuta Agathe anafagia.

"Mijusi iko wapi, mama?"

"Wamekimbia Lubarika, kama wengine. Walisikia vita inakuja."

Wakatazamana. Wakapekua nyumba, wakapekua jiko, wakarudi kumwambia Komanda, naye akasema mwacheni, Jumamosi si mbali, mwanamke hawezi kuibeba nyumba mgongoni akaondoka nayo.

Jumamosi watu walirudi. Waliogopa mabomu, waliogopa askari, lakini kwamba mjusi ataamriwa kula na wao wasiwepo, hilo hawakuliweza. Walikuja na watoto, na mabonge ya ugali kwenye majani, na Jean-Berchmans alikuja na godoro lake likiwa bado limefungwa. Ua ulijaa mpaka wengine wakapanda juu ya tanki bovu la maji. Komanda aliletewa kiti. Saa tisa akaitazama saa yake.

"Mama. Mijusi."

"Hawajarudi."

Watu wakacheka, kisha wakaona uso wa Komanda, wakaacha. Alisimama. Hakupaza sauti. Aliwaonyesha askari nyumba kwa kidevu tu.

Wakaingia. Kikatoka kitanda. Zikatoka taa za Octave, zikarundikwa mchangani zikigongana. Likatoka godoro. Askari wa mwisho alipotaka kuingia tena, alimkuta Agathe amesimama mlangoni, mikono ameshika huku na huku, bado amevaa shati la mwanamume.

"Huu mulango," akasema, na sauti yake safari hii haikuwa ya juu, ila ilifika hadi kwenye tanki, "Octave aliutengeneza na mbao za mutumbwi ya baba yake. Mulimuchukua mwenye mulango mu barabara, akitafuta kioo ya taa, hakuiba, hakupigana. Nikauliza. Mukasema kesho. Minye nimekaa hapa ninangoja kesho yenu, mwezi wa tano, wa sita, wa saba. Sikulia. Sikuwaomba chakula. Sasa munataka kubeba na mulango? Akishuka, atagonga wapi? Niambie weye Komanda mwenye kuamuru kila kitu. Atagonga mu hewa?"

Askari mmoja aliyekuwa amebeba mto aliushusha chini taratibu, akauweka vizuri, kama mtu anayelaza mtoto. Jean-Berchmans alikuwa anaangalia viatu vyake.

Lakini askari mwingine, aliyekuwa nyuma ya jiko akitafuta chochote cha kutafuna, alikuwa amesimama anavuta pua. Harufu ya ndizi mbivu ilikuwa inatoka ardhini. Na katika vita ile, askari ambaye hakujua kutambua udongo uliofukuliwa alikufa njaa.

"Komanda! Hapa wamezika kitu!"

"Hizo ni ndizi zangu!" Bernardine akapiga kelele, na akawa amechelewa. Majembe yaliingia. Udongo ukaruka, majani yakavutwa, na kutoka shimoni ukapanda mvuke mtamu wa joto uliowafanya walio karibu wanyooshe mikono bila kujua, kama watu wanaoota moto. Pamoja na mvuke vikatoka vijiinzi vya ndizi, wale wadogo wasiojulikana huwa wanatoka wapi, wingu zima. Juu ya mikungu ya njano ilikaa radio, na vanishi yake imetoa jasho.

Kabla mtu hajasema neno, radio ikasema.

Tk-tk-tk-tk-tk.

"Besi!" Jean-Berchmans akapaza sauti, akamshika mkono aliyekuwa karibu naye, ambaye kwa bahati mbaya alikuwa askari. "Ni besi! Njo Kapita mwenyewe!"

Kapita alikuwa mbele, amejinyoosha kwenye chandarua, rangi yake ya uji imerudi. Vijiinzi vilitua kwenye chandarua na vingine vikapenya matundu, naye akavilamba kimoja kimoja bila haraka, kama mkubwa anayekula akijua anatazamwa. Nyuma yake Madamu alikuwa anatafuna kwa fujo zaidi, bila kujali wageni. Mikia ilikuwa imeanza kujaa. Watu walipiga vigelegele mpaka ndege wakaruka kutoka mapaa ya majirani.

Agathe akapiga magoti, akauingiza mkono ndani ya shimo. Joto likampanda hadi kwenye kiwiko.

"Baridi," akasema. "Ilikuwa baridi tu."

Ndipo hasira mpya ikamshika, na hii hakuwa na mtu wa kumpa. Kartiye nzima ilikuwa imejitanda blanketi kwa mwezi mzima, inatetemeka, inapuliza viganja, inaleta ndagala na malimau, na hakuna hata mmoja, naye akiwemo ndani ya shati la mume, aliyewaza kwamba baridi iliyo nje ya blanketi lake imemkuta na mjusi.

Komanda alikuwa amekwisha kupanda juu ya kiti.

"Mumeona?" akauliza umati. "Niliamuru wakule. Wamekula. Amri ni amri! Kila mutu arudi mu nyumba yake!"

"Amri yako?" Agathe akafoka kutoka chini. "Amri yako iliwapa joto?"

Lakini Bernardine alimfinya ubavuni, akamwonyesha kwa macho kitanda, ambacho askari walikuwa wanakirudisha ndani. Agathe akameza maneno yale yakiwa mazima, na wanaosimulia wanasema ulikuwa mlo mgumu kuliko wote wa vita ile.

Ndizi zilichukuliwa zote, kwa jina la usalama. Bernardine alijaribu kuwaambia kwamba hizo ni ndizi za pombe, si za kula, wakamwambia anyamaze. Basi akanyamaza. Ndizi za pombe zikiingia tumboni kwa wingi namna ile hazikai kama wageni, zinakaa kama jeshi. Mkubwa alipofika Jumapili alikuta kartiye imejaa watu waliofua nguo na kupiga vigelegele, na posti zote za askari hazina mtu. Walikuwa vichakani, wametawanyika hadi ufukweni, wakitii amri nyingine.

Baada ya hapo Bernardine aliliwasha tena shimo, na tena, maana uwanda haukukosa migomba. Radio ikawa inalala kando yake, imeegeshwa kwenye udongo wenye joto, na kila jioni Rugenge ikasikia habari zake. Agathe alimpigia kelele kila aliyekuja kusikiliza bila kuleta hata kijiti cha kuni. Wakajifunza kuja na kuni.

Octave alishuka mwezi wa nane, jua la alasiri likiwa bado lina nguvu. Hakugonga. Aliusukuma mlango akaingia, kama mtu aliyetoka kununua kioo cha taa akakikosa. Miguu ilikuwa imevimba kama Agathe alivyosema, na mabegani palikuwa na alama ya sanduku. Agathe hakumkumbatia. Alimwangalia kutoka kichwani hadi kwenye vidole, akakasirika upya kwa kila kitu alichokiona, akaingia jikoni. Akatoka na ugali wa moto na ndagala wabichi waliopikwa kwa mawese, kama anavyopenda.

Octave akaisukuma sahani.

"Sina hamu, Agathe."

"Nini?"

"Kule juu… Toka kule juu, chakula haipite."

Majirani waliokuwa wameanza kujaa uani wakashikana mikono. Agathe alifungua kinywa, na kila mtu akajua ni matusi gani yanakuja, muhogo wa juzi, panzi wa leo, nani alikufundisha kuchagua. Hayakuja. Alifunga kinywa. Akamshika mumewe kwenye kiwiko, akamnyanyua, akampeleka nyuma ya jiko, kwenye shimo ambalo Bernardine alikuwa ameliwasha asubuhi na kuzoa majivu, na bado halijapangwa ndizi.

"Ingia."

"Mu shimo? Ninakufa?"

"Ingia, nimesema. Usiongee."

Octave akaingia, akakaa, kuta za udongo wenye joto zikamfika kifuani. Agathe akamtandikia majani ya mgomba mabegani kama mkungu wa mwanzo wa msimu, akaiweka radio ukingoni karibu na sikio lake, na sahani mbele yake. Kisha akakaa kwenye kinu, mgongo amempa, kama mtu asiyengoja kitu. Jua likateremka upande wa milima. Kivuli kikafika kwenye jiko, kikafika kwenye ukingo wa shimo.

Tk-tk-tk-tk.

"Eh, Kapita," ikasema sauti kutoka ardhini, ya kukwaruza. "Kijana yangu, unasemaje?"

Agathe hakugeuka. Alisikia majani ya mgomba yakichakarika. Akasikia sahani ikivutwa juu ya udongo, kisha mtu anatafuna.

Hapo akageuka kwa nguvu hata kinu kikayumba.

"Octave! Unakula na hiyo mikono? Bila kunawa?"